Utumbo wa perege na baridi ya Mafinga

Siku nilipompasua perege kwa ajili ya kumchunguza badala ya kumkaanga, mke wangu alinitazama kwa muda, halafu akasema, "Mkasi huo usirudi jikoni." Nilikuwa nimemlaza samaki juu ya kipande cha bati, nikamchana kuanzia tundu la haja hadi karibu na mashavu, nikaanza kuvuta utumbo polepole kama mtu anayefumua sweta. Ulivutika. Ukaendelea kuvutika. Samaki mwenyewe alikuwa na urefu wa sentimita 17, anaenea kiganjani, lakini utumbo wake nilipounyoosha kando ya futi ya fundi ulifika sentimita 98. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nikagawanya pale pale: karibu mara sita ya urefu wa mwenye nao.

Kilichonishangaza zaidi kilikuwa ndani. Utumbo ulikuwa umejaa. Pumba zilikuwa zimepangana humo kama msafara wa malori mzani wa Makambako, na nyingine ningeweza kuapa kwamba zimepita vilevile zilivyoingia. Samaki huyo sikuwa nimemlisha tangu juzi yake. Ilikuwa Julai, asubuhi, majani yana umande ulioganda na mikono yangu inauma kwa baridi. Jibu la tatizo langu lote lilikuwa limelala juu ya lile bati na sikuliona. Nilikuwa nimeshatoa shilingi 18,000 kununua jibu la mtu mwingine.

Nieleze. Nina mabwawa mawili ya samaki nje kidogo ya Mafinga, mji wa nyanda za juu mkoani Iringa, upande ambao ukiinua macho unakutana na misonobari. Kubwa lina mita 15 kwa 20. Maji yanatoka kwenye chemchemi juu ya shamba la shangazi yangu, maji safi kabisa, tunayanywa. Desemba nilipandikiza vifaranga 1,000 vya perege. Hadi Aprili walikuwa wanakwenda vizuri, mtoto wangu anawaita kwa kupiga debe nao wanakuja juu wanasukumana. Mei wakapoa. Juni ukirusha chakula unabaki unakitazama kikielea, kisha kinalowa, kisha kinazama. Julai nikawavua thelathini kwa kokoro, nikawapima kwa mzani wa jikoni (ndiyo, huo nao uliharamishwa): wastani gramu 90 na ushee. Miezi saba! Jamaa zetu wa Kyela, kule chini kando ya Ziwa Nyasa, kwa muda kama huo wanauza samaki wa kujaza sahani.

Nikaenda duka la pembejeo. Sitalitaja, na kwa kweli kijana wa dukani alikuwa mwungwana. "Shikamoo mwalimu," akasema, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa hukumu: "Hapo tatizo ni utumbo. Samaki wanakula lakini chakula hakiwaingii mwilini. Wanahitaji busta." Akashusha pakiti ya gramu 100 kutoka rafu ya dirishani, pale jua la mchana linapopiga. Unga mweupe, harufu kama ya hamira. Kwenye lebo kulikuwa na tarakimu nyingi za sifuri ambazo alinisomea kwa furaha: bakteria hai bilioni moja katika kila gramu.

Nikaondoka nimeshika bilioni mia moja mkononi. Kwa mshahara wa ualimu, hiyo si hali ya kila siku.

Sasa, sikudanganywa. Hili nataka lieleweke, maana siku hizi ukisema ulinunua kitu dukani na hakikukusaidia, kila mtu anakimbilia neno "matapeli". Bakteria wale ni wa kweli na kazi yao ni ya kweli. Utumbo wa samaki, kama wako na wangu, ni mji wenye wakazi. Wako wanaosaidia kuvunja chakula, wako wanaokaa tu, na wako wanaosubiri siku mwenye nyumba apate udhaifu. Tofauti ni kwamba samaki anaishi ndani ya supu ya bakteria. Kila anapofungua mdomo wanaingia. Kwa hiyo mji ule wa ndani unafanana sana na mji wa nje, na unabadilika maji yanapobadilika.

Mfano ninaoupenda ni wa vitamini B12. Perege hahitaji kuwekewa vitamini hiyo kwenye chakula, kwa sababu bakteria wa utumboni mwake wanaitengeneza wenyewe, na mwenye nyumba anachukua fungu lake kama kodi ya pango. Na wanasayansi waliowahi kulea vifaranga vya samaki wadogo wenye milia ndani ya maji yasiyo na kijidudu hata kimoja, waliona kwamba utumbo wa vifaranga hao haukukomaa sawasawa. Bila wapangaji, nyumba yenyewe haimaliziki kujengwa.

Ndipo likaja wazo la kuongeza wapangaji wema kwa makusudi. Ufugaji wa samaki ulilichukua hasa kuanzia miaka ya 1980. Japani mwaka 1986 walishaandika juu ya kuwalisha samaki wa baharini mbegu za bakteria aina ya Bacillus. Leo majina yanayorudiwa kwenye pakiti ni machache: Bacillus subtilis, Bacillus licheniformis, jamii ya Lactobacillus, Pediococcus, na hamira yenyewe, Saccharomyces cerevisiae. Kwa jumla wanaitwa probiotiki. Ukiyajua hayo matano sita unaweza kusoma karibu pakiti yoyote ya agroveti bila kutetemeka.

Tofauti kati yao si ya majina tu. Bacillus anajifungia ndani ya ganda gumu na kulala humo. Joto la kiwanda cha chakula, tindikali ya tumboni, miezi ya stoo, vyote anavivumilia. Lactobacillus na hamira hawana ganda la namna hiyo. Ukiwapikia, umewapika. Na tumbo la perege si mahali pa mchezo: anapomeng'enya vizuri, pH humo (kipimo cha tindikali: namba ikishuka, ukali unapanda) inaweza kushuka hadi karibu 1.5, ukali unaotosha kupasua kuta za mwani ambao samaki wengine wengi hawauwezi.

Mimi na pakiti yangu tulifanyaje? Nilipika uji mwepesi wa muhogo ili ushikishe chakula kisimomonyoke majini. Uji ukiwa unatoka mvuke nikamimina unga wa busta. Ukawa mzito, nikaulegeza kwa maji ya bomba ambayo siku hiyo yalikuwa yananuka klorini hadi barabarani. Shangazi alikuwa amekuja kuchukua jembe lake. Mama huyu amepika togwa na maandazi tangu mimi sijazaliwa. Akasimama, akauliza hiyo ni nini. Nikamweleza habari ya vijidudu vyema, kwa heshima zote na kwa sauti ya darasani. Akatikisa kichwa. "Yaani kama hamira."

"Kama hamira, shangazi."

"Na hamira wewe huwa unaitia kwenye maji ya moto?"

Sikuwa na jibu, nikampa jembe lake.

Pakiti ya pili niliitumia kwa adabu: uji umepoa, maji ya chemchemi, chakula kimeanikwa kivulini badala ya juani, kimelishwa siku hiyohiyo. Matokeo? Hayakuwapo. Samaki walikitazama chakula chenye bakteria bilioni kwa uvivu uleule waliokitazamia chakula kisicho nao.

Niliyemtafuta baada ya hapo ni bwana samaki, yaani afisa uvuvi wetu, mtu ambaye kama wengi wa kada yake ana kata nyingi na pikipiki moja. Alipofika hakuuliza habari za utumbo wala busta. Alitoa themomita mfukoni, akaifunga kamba, akaitumbukiza mita moja chini, tukakaa juu ya tuta tunakula mahindi ya kuchoma. Alipoivuta ilisoma nyuzi 15. Akanionyesha bila kusema neno, akaendelea na hindi lake.

Perege ni mtoto wa maji ya joto. Raha yake ni kati ya nyuzi 26 na 30. Chini ya 20 ukuaji unadorora. Ikikaribia 16 anaacha kula, na zikishuka hadi 11 au 12 anaanza kufa. Hana namna ya kuwasha moto mwilini kama ng'ombe. Joto la maji ndilo joto la damu yake, ndilo joto la tumbo lake. Vimeng'enya vyake vyote, zile kemikali zinazokata protini na wanga vipande vipande, vinafanya kazi kwa kasi ambayo maji yameruhusu. Pumba nilizozikuta zimepanga foleni kwenye utumbo wa sentimita 98 hazikuwa zimekwama kwa kukosa bakteria. Jiko lilikuwa limezimwa.

Na bakteria wenyewe je? Wengi wa hao wa pakiti walichaguliwa na kukuzwa kwenye maabara zenye joto la nyuzi 30 na zaidi. Ukiwatia kwenye samaki wa nyuzi 15 ni kama kumchukua mtu wa Tanga umshushe stendi ya Makete usiku wa Julai akiwa na shati la mikono mifupi, kisha umwambie aanze kupalilia.

Hapo nilipaswa kuacha, lakini mwalimu wa hesabu akishapata namba moja anataka nyingine. Bwana samaki alinishauri nijaribu kwa vyandarua vya hapa. "Hapa wapi?" nikauliza. Akacheka sana. Kumbe hapa ni jina la kitu: kile kizimba cha wavu laini kama chandarua kinachofungwa kwenye miti minne ndani ya bwawa, wanachotumia wenye vitotoleshi. Neno limetoka huko Asia. Tangu siku hiyo nyumbani kwangu hakuna mazungumzo yanayokwenda vizuri. ("Wavu uko wapi?" "Hapa." "Ndiyo hapa, lakini hapa iko wapi?")

Nilishona hapa nne, samaki 40 kila moja, uzito wa kuanzia unaokaribiana. Mbili zikala chakula cha kawaida, mbili zikala chenye busta. Nilianza Septemba katikati, joto linaporudi, nikapima kila wiki mbili hadi Desemba. Nilikuwa nimeandaa jedwali zuri. Kisha namba zikakataa kukaa kwenye safu nilizozichora. Hapa moja ya busta ilikuwa ya kwanza, nyingine ya busta ikawa ya mwisho kabisa. Za kawaida zikawa katikati. Nilihangaika wiki nzima nikitafuta nilipokosea kujumlisha, mpaka binti yangu wa darasa la sita akauliza kwa nini hizi mbili za mwisho ziko pale bomba linapoingilia.

Pale bomba linapoingilia! Nilichukua themomita saa nane mchana. Upande wa jua, nyuzi 24. Kwenye mdomo wa bomba, ambako chemchemi ilikuwa inamwaga maji yake safi mchana na usiku bila mtu kuyazuia, nyuzi 18. Hapa mbili za karibu na bomba, moja yenye busta na moja isiyo nayo, zote zilikuwa nyuma. Hapa mbili za upande wa jua zote zilikuwa mbele, na kati ya hizo mbili, yenye busta ilikuwa imeizidi nyenzake kwa kiasi ambacho sitathubutu kukiita ushahidi, samaki 40 si wengi. Lakini ilikuwapo, na ilibaki pale hadi mwisho. Bomba lilikuwa linaninyang'anya mara kadhaa ya kile ambacho pakiti ilikuwa inanipa.

Yale maji niliyokuwa najivunia kwa wageni ndiyo yaliyokuwa yanawagandisha samaki wangu. Nilikuwa naamini maji yanayotiririka ni afya. Kwa samaki wa mito baridi, ni kweli. Kwa perege bwawani, huku juu, unafungua bomba kufidia tu kinachonywewa na jua na kinachovuja. Maji yakitulia yanapata joto, na yakirutubishwa kidogo yanakuwa ya kijani, na ule ukijani ni chakula ambacho utumbo mrefu wa perege uliumbiwa. Ukizamisha mkono hadi kwenye kiwiko na kiganja kikaanza kupotea machoni, inatosha. Kikipotea kabla, punguza mbolea, la sivyo alfajiri mwani utawanyang'anya samaki hewa. Huku kwetu hewa yenyewe ni haba kidogo kuanzia angani: kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,800, maji yaliyoshiba oksijeni yana pungufu ya karibu moja ya tano ukilinganisha na maji ya joto hilohilo Bagamoyo.

Nilipolifunga bomba ndipo nikawa na haki ya kuanza kufikiria utumbo.

Nikaanzia kwenye chakula chenyewe, na nilichokiona hakikunipendeza. Chukua pumba za mpunga. Kuna mashine zinazotoa pumba laini, ya rangi ya maziwa yaliyoungua, yenye mafuta, ukiifinya inashikana. Na kuna mashine zinazosaga makapi humohumo, unapata unga mwingi wa kijivu unaokwaruza vidole. Makapi, yaani maganda ya mpunga, ni nyuzinyuzi na madini magumu kama mchanga. Samaki analipia usafiri tu. Nilikuwa nanunua ya pili kwa sababu gunia lilikuwa rahisi. Sasa nafinya kila gunia kabla ya kulipa, na wauza pumba wa sokoni wananiita Mwalimu Finya.

Soya nayo. Soya mbichi ina kinga yake dhidi ya walaji, kemikali inayofunga tripsini, kimeng'enya kinachokata protini. Ukiisaga mbichi ukamlisha samaki, unampa protini na kufuli yake kwa pamoja. Lazima ipate moto: kuchemshwa au kukaangwa mpaka harufu ya ubichi iishe. Hata ikipata moto bado ina mambo yake. Samaki aina ya salmoni huko Norwe walipoongezewa soya nyingi kwenye chakula, ukuta wa utumbo wao wa nyuma ulivimba, na viwanda vikalazimika kubadilisha namna ya kuiandaa. Perege ni mvumilivu zaidi, lakini uvumilivu wake si sababu ya kumtesa.

Na mahindi yenye ukungu, tafadhali. Kila mtu hapa ana dhana kwamba mahindi yaliyooza kwa watu yanafaa kwa mifugo. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haijali ni nani anayeila. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na kwa samaki inakwenda kwenye ini na kuvunja kinga ya mwili taratibu, bila kelele, unabaki unalaumu vifaranga.

Sasa kuna jambo ambalo lilinifurahisha kuliko yote. Nafaka na mbegu huhifadhi fosforasi yake, karibu theluthi mbili au zaidi, ndani ya kifungo kinachoitwa fiteti. Samaki hana kimeng'enya cha kutosha cha kukifungua. Fosforasi anayoihitaji kwa mifupa inapita utumboni ikiwa imefungwa, inatoka na kinyesi, inakwenda kulisha mwani usioutaka. Na fiteti njiani inabeba zinki na madini mengine. Viwanda vikubwa huongeza fitesi, kimeng'enya kinachofungua kifungo hicho, na ni miongoni mwa virutubisho ambavyo faida yake inapimika waziwazi. Nilipomweleza shangazi haya, sikutegemea lolote. Yeye akasema, "Si ndiyo maana tunaotesha ulezi?"

Hakusema hivyo kwa maana ya fosforasi, bila shaka. Lakini fikiria anachokifanya. Analoweka ulezi, anauotesha, anauanika, anausaga: hicho ni kimea. Mbegu inapoamka inatoa vimeng'enya vyake, vya kukata wanga na vya kufungua fiteti. Anapika uji wa mahindi, anauacha upoe mpaka kidole kivumilie, anatia kimea na kikombe cha togwa ya jana. Uji mzito unalegea mbele ya macho yako, hiyo ni kazi ya kimea. Halafu bakteria wa ile togwa ya jana, hao hao jamii ya Lactobacillus na Pediococcus wanaoandikwa kwenye pakiti, pamoja na hamira za asili, wanaanza kuuchachusha. Panapokuwa na joto, ndani ya siku moja pH inashuka chini ya 4. Huku kwetu unaweka chungu karibu na jiko na unasubiri zaidi. Watafiti walishafanya kazi juu ya togwa hapa Tanzania tangu miaka ya 1990, wakaona watoto waliopewa uji wa namna hii walikuwa na bakteria wachache wa kuharisha kuliko wenzao.

Kwa hiyo kwenye ndoo moja ya shangazi kuna vimeng'enya, tindikali, na bakteria hai. Kwenye agroveti hivyo ni pakiti tatu, bei tatu.

Tangu hapo nachachusha pumba. Pumba laini, mashudu ya alizeti kutoka mashine za Iringa, soya iliyokwisha kukaangwa na kusagwa, kimea kidogo, maji ya chemchemi ya vuguvugu kiasi cha kulowanisha ili ukifinya yasidondoke, na kikombe cha togwa. Nashindilia kwenye ndoo, nafunika, nawekea jiwe. Siku mbili au tatu karibu na jiko, inanuka uchachu mtamu, kama mlango wa kilabu cha komoni, pombe yetu ya kienyeji, asubuhi. Ikinuka kinyesi au ikipata manyoya ya kijani, inakwenda kwenye mbolea bila mjadala. Dagaa, hasa usipa wa Nyasa wakipatikana, nawasaga na kuwachanganya siku ya kulisha, kwa sababu dagaa wakichachuka bila uangalifu wanaoza, na tofauti ya maneno hayo mawili utaijua kwa pua.

Machicha ya komoni nayo nilianza kuyapokea kutoka kwa jirani, mwanzoni kwa kumsaidia kuyatupa. Yana seli za hamira zilizokufa, na hapa kuna ujanja mzuri. Ukuta wa seli ya hamira una sukari za aina mbili zinazouzwa ghali kama pribiotiki, yaani vitu visivyo hai ambavyo vinanufaisha utumbo. Moja inaamsha askari wa kinga. Nyingine inafanana na sukari iliyo kwenye ukuta wa utumbo, ambayo bakteria wabaya hujishikiza kwayo. Wakikutana na ile ya hamira wanaikumbatia hiyo, na wanatoka nayo nje kwa njia ya kinyesi wakidhani wamefika. Kitunguu saumu nacho wengi wanakitumia na majaribio kadhaa kwa perege yameonyesha faida. Mimi natia kidogo sana, kwa sababu mke wangu anadai samaki wanafika jikoni wakiwa wamekwisha kuungwa.

Nimeona pia wafugaji, watu wazima wenye busara, wakitia kwenye chakula cha samaki unga wa oksitetrasaiklini, antibiotiki ya kuku, "ili wakue". Hapa sina utani. Dawa hiyo haichagui, inafyeka wapangaji wema na wabaya pamoja, na wanaosalia ni wale walioizoea. Halafu wanakwenda kutafuta probiotiki ya kurudishia. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo kuanzia Januari 2006, na huko ndiko soko la hivi virutubisho vya utumbo lilikopata msukumo mkubwa, kwa sababu ilibidi kitu kijaze pengo. Sisi tuna bahati ya kuanzia baada ya somo kufundishwa, na bado tunaomba turudie mtihani walioufeli wengine.

Pakiti sijaziacha kabisa. Nanunua ya Bacillus, yenye tarehe inayosomeka, iliyokaa kivulini, ninapopokea vifaranga. Kifaranga kilichosafirishwa kwenye mfuko wa oksijeni kutoka kituo cha Ruhila kule Songea, kimebanwa, kimetikiswa, hakijala siku nzima, mji wake wa ndani umevurugika; wiki mbili au tatu za mwanzo hizo nadhani pesa inakwenda mahali pake. Anayefuga kambale kwenye matenki, wamebanana mia kwa mia na maji yanabadilishwa kwa ratiba, hesabu yake ni tofauti na yangu, na utumbo wa kambale ni mfupi, chakula kina nafasi moja tu ya kumeng'enywa kabla hakijatoka. Huyo asinisikilize mimi.

Ninachokifanya zaidi siku hizi ni kutolisha. Themomita imefungwa kwenye mti, silishi kabla ya saa nne. Zikiwa 22 na zaidi, mara mbili, saa nne na nusu na saa tisa. Kati ya 18 na 22, mara moja, mchana, nusu ya kipimo. Chini ya 18, konzi chache kila baada ya siku mbili, nikiona wamemaliza. Chini ya 16, hakuna kitu, hata kama mtoto anapiga debe na kunililia kwamba wana njaa. Msimu uliopita kati ya Juni na Agosti niliokoa magunia manne kwa njia hiyo, na samaki waliotoka Agosti walikuwa na uzito uleule waliokuwa nao wale wa mwaka wa kwanza niliowashindilia. Tofauti ni kwamba tope la chini halikunuka.

Wiki iliyopita shangazi alikuja asubuhi akakuta ndoo mbili zimefunikwa kando ya jiko. "Kamwene," akaita mlangoni, nikaitikia nikiwa kule nyuma. Niliporudi alikuwa ameshachota, kikombe mkononi, anaonja kwa makini huku amefumba jicho moja.

"Shangazi, hiyo ni ya samaki."

Akameza. "Nimeona. Umezidisha kimea," akasema, akajaza kikombe tena.